Kuichambua namba 1,234,567,890 kwa kalamu na kikokotoo cha dukani

Ukipitisha kidole kwenye vitufe vya namba kuanzia 1 hadi 0 unapata 1,234,567,890. Hakuna anayehitaji kuikariri. Kwa juu imepangika kama makuti kwenye paa, lakini ukiifungua ndani hukuti mpango wowote: kuna vigawo vidogo vinne, kisha namba tasa mbili kubwa ambazo huwezi kuzibahatisha. Kwa hiyo inafaa sana kujifunzia kazi hii, na yote yaliyo hapa unaweza kuyafanya ukiwa barazani Langoni au Mkomani, mjini Lamu, bila intaneti.

Unahitaji daftari la miraba, kalamu ya risasi, raba, na kikokotoo cha kawaida cha tarakimu 8, kile kinachokaa juu ya kaunta ya kila duka. Simu ni rahisi zaidi, lakini anayeweza kufanya kazi hii kwa kikokotoo cha tarakimu 8 ataifanya popote.

Kabla ya kugawanya, isome sawasawa

Makosa mengi huanza katika kusoma. Kwa Kiswahili namba hii ni bilioni moja, milioni mia mbili thelathini na nne, elfu mia tano sitini na saba, mia nane na tisini. Hapo kwenye "elfu mia tano sitini na saba" pana mtego. Mtu akiisikia anaweza kuandika 567,000, na mwenziwe akaandika 500,067, na wote wawili wana hoja. Ukimsomea mtu namba ili aiandike, tumia laki: laki tano, elfu sitini na saba, mia nane tisini. Laki moja ni 100,000, na neno hilo linakata utata.

Anayeiandika kwa tarakimu za Kiarabu, kama ilivyo katika hati nyingi za zamani za Lamu, ataandika ١٢٣٤٥٦٧٨٩٠. Maandishi yenyewe huenda kutoka kulia, lakini namba husomwa kutoka kushoto vilevile, kubwa kwanza. Angalia duara: ٥ ni tano, na sifuri ni nukta, ٠. Aliyezoea sifuri ya duara akiiona ٥ akasoma sifuri, hesabu nzima imekwenda na maji.

Jambo la tatu ni kikokotoo chenyewe. Namba yetu ina tarakimu 10. Kikokotoo cha tarakimu 8 hakitakuonya. Kitapokea 12345678 na kuzipuuza tarakimu zitakazofuata. Utaendelea kugawanya namba nyingine kabisa na majibu yatatoka safi. Kabla ya kubonyeza alama ya kugawanya, hesabu tarakimu zilizo kwenye kioo.

Hatua ya 1: punguza mpaka ienee kwenye kioo

Tarakimu ya mwisho ni 0, basi namba inagawanyika kwa 10, yaani kwa 2 na kwa 5. Ondoa sifuri, inabaki 123,456,789. Bado ni tarakimu 9, moja zaidi ya uwezo wa kikokotoo.

Sasa jumlisha tarakimu: 1+2+3+4+5+6+7+8+9 = 45. Jumla ikigawanyika kwa 9, namba yenyewe inagawanyika kwa 9. Sababu ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ukiigawanya kwa 9 baki ni 1; kwa hiyo kila tarakimu huacha baki sawa na yenyewe, popote ilipokaa. Ndiyo maana namba yoyote ya tarakimu kumi inayotumia kila tarakimu mara moja, hata uzipange vipi, hugawanyika kwa 9. Mipangilio hiyo isiyoanza na sifuri ni 3,265,920, na hakuna hata mmoja unaotoa namba tasa.

Gawanya kwa 9 kwa mkono, tarakimu moja moja:

12 kwa 9 ni 1, baki 3
33 kwa 9 ni 3, baki 6
64 kwa 9 ni 7, baki 1
15 kwa 9 ni 1, baki 6
66 kwa 9 ni 7, baki 3
37 kwa 9 ni 4, baki 1
18 kwa 9 ni 2, baki 0
9 kwa 9 ni 1, baki 0

Jawabu ni 13,717,421. Tarakimu nane kamili! Sasa inaenea kwenye kioo, na kuanzia hapa kikokotoo kinaweza kusaidia. Andika pembeni na uzungushie mstari:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 13,717,421

Usiigawanye kwa 3 tena kwa mazoea. Jumla ya tarakimu za 13,717,421 ni 26, nayo haigawanyiki kwa 3.

Hatua ya 2: vigawo vidogo kwa ujanja, si kwa nguvu

Badala ya kujaribu 7, kisha 11, kisha 13, zimalize zote tatu pamoja. 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa zamu:

421 − 717 + 13 = −283

Alama ya kutoa usiijali. Kama 283 haigawanyiki kwa 7, 13,717,421 nayo haigawanyiki, na ni vivyo hivyo kwa 11 na 13. 283 kwa 7 baki ni 3. Kwa 11 baki ni 8. Kwa 13 baki ni 10. Zote tatu zimeondoka kwa hesabu moja ndogo.

Mafungu hayohayo ukiyajumlisha yote yanakupa kipimo cha 37, kwa sababu 999 = 27 × 37. 13 + 717 + 421 = 1,151; tena 1 + 151 = 152. Nayo 152 ni 4 × 37 na baki 4. Haigawanyiki. Kwa 101 kata mafungu ya tarakimu mbili, 13, 71, 74, 21, na ufanye zamu: 21 − 74 + 71 − 13 = 5. Haigawanyiki.

17 na 19 hazina ujanja unaostahili kukaririwa, tumia kikokotoo. 13,717,421 kwa 17 inaleta 806907.11. Usiishie kuangalia nukta. Chukua namba nzima, 806,907, izidishe tena kwa 17, upate 13,717,419, kisha toa: baki 2. Kwa 19 namba nzima ni 721,969 na baki ni 10.

Kwa nini kuzidisha tena? Kwa sababu kikokotoo cha tarakimu 8 kikishaonyesha namba nzima ya tarakimu 6, nafasi zilizobaki ni mbili tu. Jaribu 11,990,001 kwa 109. Jawabu la kweli ni 110,000 na baki 1, yaani 110000.00917 na kuendelea. Kikokotoo kinachokata tarakimu bila kukadiria kitakuonyesha 110000 tupu, kana kwamba imegawanyika sawasawa. Anayeamini kioo ataandika 109 katika orodha ya vigawo, na kila kitakachofuata kitakuwa kimejengwa juu ya mchanga.

Ukiendelea hivi, 23, 29, 31, huna kikomo cha karibu. Kanuni inasema jaribu namba tasa zote hadi kipeuo cha pili cha namba unayoichambua, na kipeuo cha pili cha 13,717,421 ni 3,703 na ziada. Kigawo cha kwanza utakachokutana nacho ni namba tasa ya 504 katika orodha. Hiyo ni migawanyo karibu mia tano na kuzidisha tena karibu mia tano. Hapo ndipo watu wengi huacha, au huandika "tasa" kwa sababu wamechoka. Kuna njia fupi.

Hatua ya 3: njia ya miraba miwili

Njia hii ni ya Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa wa karne ya 17 ambaye hesabu zilikuwa kazi yake ya faragha. Msingi wake ni huu: namba witiri ikiwa ni zao la namba mbili, inaweza kuandikwa kama mraba mmoja kutoa mraba mwingine. 35 ni 5 × 7. Katikati ya 5 na 7 pana 6, na kila moja iko hatua 1 kutoka katikati. Basi 35 = 6² − 1². Kwa hiyo ukitafuta mraba ambao ukiutoa namba yako unabaki mraba mwingine, umepata vigawo.

Fanya hivi:

Bonyeza 13717421 kisha alama ya kipeuo cha pili. Kitatokea 3703.7 na tarakimu nyingine. Panda hadi namba nzima inayofuata: 3,704.

3,704 × 3,704 = 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je, ni mraba? Inaishia na 5, na mraba wowote unaoishia na 5 lazima uishie na 25. Hii inaishia na 95. Hapana, na hukuhitaji kubonyeza kitu.

Panda hadi 3,705. 3,705 × 3,705 = 13,727,025. Toa 13,717,421, inabaki 9,604. Hii inaishia na 4, yawezekana. Iko karibu na 10,000, basi jaribu 98: 98 × 98 = 9,604. Ndiyo.

Sasa toa na ujumlishe:

3,705 − 98 = 3,607
3,705 + 98 = 3,803

Hakikisha: 3,607 × 3,803 = 13,717,421. Majaribio mawili yamechukua nafasi ya migawanyo mia tano.

Usidhani itakuwa hivi kila mara. Njia hii hufaulu upesi pale tu vigawo viwili vinapokaribiana, na hivi vimetofautiana kwa 196 tu. Vikiwa mbali, kwa mfano kimoja 23 na kingine laki kadhaa, unaweza kupanda maelfu ya hatua bila kufika. Kwa hiyo vigawo vidogo huondolewa kwanza kwa Hatua ya 2, na Fermat hufuata. Wanaotengeneza funguo za siri za kompyuta kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa nao huepuka kuchagua mbili zinazokaribiana mno, kwa sababu hiihii.

Kosa linalowanasa wengi hapa ni kuanza na namba nzima, 1,234,567,890, bila kuondoa 2. Hapo utapanda mpaka kuche. Mraba wa namba shufwa ukigawanywa kwa 4 baki ni 0, na wa namba witiri baki ni 1. Ukitoa mmoja kutoka kwa mwingine, baki inaweza kuwa 0, 1 au 3, haiwezi kuwa 2. Namba yetu inaishia na 90, na 90 kwa 4 baki ni 2. Hakuna miraba miwili popote ambayo tofauti yao ni 1,234,567,890.

Ukisahau kuondoa 9 hakuharibiki kitu, ni kuchelewa tu. Kipeuo cha pili cha 123,456,789 kiko juu kidogo ya 11,111, na utafika kwenye 11,115 katika jaribio la nne. Vigawo vitakuwa 10,821 na 11,409, ambavyo ni 3 × 3,607 na 3 × 3,803. Lakini miraba hiyo haienei kwenye tarakimu 8, itabidi uifanye kwa mkono. Kwa bahati 11,111² ni 123,454,321, na ukiitoa kwenye 123,456,789 inabaki 2,468. Hilo halina kazi katika uchambuzi, lakini ni zuri kulitazama.

Hatua ya 4: thibitisha kwamba 3,607 na 3,803 ni tasa

Wengi huishia hapo juu. Kazi haijaisha, kwa sababu njia ya miraba inatoa vigawo, haisemi kama vigawo hivyo navyo vinavunjika.

60² ni 3,600, basi kwa 3,607 jaribu namba tasa hadi 59. Kwa 3,803 nenda hadi 61, kwa kuwa 61² ni 3,721 na 67² ni 4,489. Kama huna orodha ya namba tasa, tengeneza kwa chekeche la Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki aliyezaliwa Kirene, katika Libya ya leo, na kufanya kazi Iskanderia. Andika namba kutoka 2 hadi 61, futa kila kigawe cha 2 isipokuwa 2 yenyewe, kisha vya 3, vya 5 na vya 7. Zilizobaki ni tasa.

2, 3 na 5 unaziondoa kwa macho: zote mbili ni witiri, hazikuishia na 5, na jumla za tarakimu ni 16 na 14. Baki za nyingine ni hizi, ili ulinganishe na zako. Ukipata tofauti mahali fulani, rudia mgawanyo huo tu.

Kwa 3,607: 7 baki 2, 11 baki 10, 13 baki 6, 17 baki 3, 19 baki 16, 23 baki 19, 29 baki 11, 31 baki 11, 37 baki 18, 41 baki 40, 43 baki 38, 47 baki 35, 53 baki 3, 59 baki 8.

Kwa 3,803: 7 baki 2, 11 baki 8, 13 baki 7, 17 baki 12, 19 baki 3, 23 baki 8, 29 baki 4, 31 baki 21, 37 baki 29, 41 baki 31, 43 baki 19, 47 baki 43, 53 baki 40, 59 baki 27, 61 baki 21.

Hakuna sifuri. Zote mbili ni tasa, na uchambuzi umekamilika:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Unachokipata ukishafika hapa

Sifa nyingi za namba, ambazo kwa kuhesabu moja moja zingekuchukua miaka, zinatoka kwenye mstari huo mmoja.

Idadi ya vigawo: chukua kila kipeo (yaani mara ngapi kila namba tasa imejirudia), ongeza 1, zidisha. Vipeo ni 1, 2, 1, 1, 1, basi 2 × 3 × 2 × 2 × 2 = 48. Kuviorodhesha bila kuruka, andika kwanza vigawo 12 vya 90: 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45, 90. Chini yake andika safu ya hivyo hivyo mara 3,607, safu ya tatu mara 3,803, na ya nne mara 13,717,421. Safu nne za kumi na mbili. Ukipata 47, umeruka kimoja. Namba isiyo mraba haiwezi kuwa na idadi ya vigawo iliyo witiri, maana kila kigawo kina mwenzake.

Katika safu hizo imo 45, ambayo ndiyo jumla ya tarakimu za namba yetu. 1,234,567,890 kwa 45 ni 27,434,842 kamili.

Ukitaka kupanga vitu vyote katika mstatili unaokaribia mraba, tafuta jozi iliyo karibu zaidi na kipeuo cha pili, ambacho ni 35,136 na ziada kidogo. Wengi huchukua 9 × 3,607 na 10 × 3,803, yaani 32,463 kwa 38,030. Ibadilishe: 9 × 3,803 = 34,227 na 10 × 3,607 = 36,070. Zao ni lilelile, na pande zimekaribiana zaidi. Kigawo kidogo mpe mkubwa, na kikubwa mpe mdogo.

Jumla ya vigawo vyote: (1+2) × (1+3+9) × (1+5) × (1+3,607) × (1+3,803). Mabano matatu ya kwanza ni 3 × 13 × 6 = 234. Mawili ya mwisho ni 3,608 × 3,804 = 13,724,832. Zao la yote ni 3,211,610,688. Kosa la kawaida ni kuandika 1+9 badala ya 1+3+9 na kuisahau 3 ya katikati. Ondoa namba yenyewe, inabaki 1,977,042,798, ambayo ni kubwa kuliko 1,234,567,890. Namba ambayo vigawo vyake vinaizidi hivi ni namba ya ziada. Zile ambazo vigawo vinalingana nayo kamili, kama 6 na 28, ni adimu.

Ngapi kati ya 1 na 1,234,567,890 hazina kigawo cha pamoja nayo isipokuwa 1? Hapo punguza badala ya kuongeza: kwa 90 ni 24 (2 inatoa 1, 9 inatoa 6, 5 inatoa 4, na 1 × 6 × 4 = 24), kwa 3,607 ni 3,606, kwa 3,803 ni 3,802. Zao ni 329,040,288.

Na je, inaweza kuwa jumla ya miraba miwili? Angalia kila namba tasa ambayo ikigawanywa kwa 4 baki ni 3. Kipeo chake lazima kiwe shufwa. 3 ina kipeo 2, imepita. 3,607 baki ni 3 na kipeo ni 1. Imekataa, na 3,803 nayo ingekataa. Kwa hiyo namba hii si tofauti ya miraba miwili wala si jumla yake.

Baki kwa vipimo vya mji

Boriti za mikoko huhesabiwa kwa korija, na korija ni 20. Hakuna jahazi la kubeba boriti bilioni, lakini kanuni ya baki haijali ukubwa. Kwa 20 angalia tarakimu mbili za mwisho tu: 90 kwa 20 baki ni 10. Basi ni korija 61,728,394 na boriti 10 juu, yaani nusu korija. Ongeza boriti 10 ndipo upate korija kamili.

Kwa vibaba na pishi, ambapo pishi ni vibaba 4, baki ni vibaba 2. Kwa darzeni, unganisha mambo mawili unayoyajua: baki ya 4 ni 2 na baki ya 3 ni 0. Namba pekee chini ya 12 yenye sifa hizo mbili ni 6, basi baki ni 6. Kwa wiki tumia mafungu ya tatu tatu: 890 − 567 + 234 − 1 = 556, na 556 kwa 7 baki ni 3.

Sekunde zinahitaji uangalifu zaidi. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita usiku kwa saa za dunia. Sekunde ya 1,234,567,890 ilikuwa lini? Siku ina sekunde 86,400. Vyote viwili vinagawanyika kwa 90, basi punguza: 13,717,421 kwa 960, na hapo kikokotoo kinaweza. Namba nzima ni 14,288. Zidisha tena: 960 × 14,288 = 13,716,480, baki 941.

Hapa ndipo watu hukosea. 941 si sekunde. Ulipopunguza pande zote kwa 90, baki nayo ilipungua; irudishe: 941 × 90 = 84,690. Hizo ni saa 23, dakika 31 na sekunde 30.

Siku 14,288 tangu Alhamisi, tarehe 1 Januari 1970, zinafika Ijumaa, tarehe 13 Februari 2009. Ongeza saa tatu za Afrika Mashariki, na Lamu ilikuwa saa nane na dakika 31 na sekunde 30 usiku, tarehe 14. Kwa kalenda ya ukutani ilikuwa Jumamosi, na kwa hesabu ya pwani, ambapo siku huanza magharibi, Jumamosi ilikuwa imeshaingia tangu jua la Ijumaa lilipozama.

Mfumo wa zamani wa kuhifadhi sekunde hizo una nafasi hadi 2,147,483,647, ambayo ni 2 kipeo cha 31 kutoa 1. Namba yetu inaenea humo: imezidi 2 kipeo cha 30, yaani 1,073,741,824, basi ikiandikwa kwa 0 na 1 tupu huchukua nafasi 31. Kikomo chenyewe kitafikiwa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Lamu.

Ukihamia kwenye kompyuta

Jedwali la kompyuta, yaani programu kama Excel, huhifadhi tarakimu 15 tu za kuaminika. Mraba wa namba yetu una tarakimu 19: 1,524,157,875,019,052,100. Jedwali litakuonyesha 1,524,157,875,019,050,000, na halitasema kwamba limekata. Kipimo cha 9 hakidanganyi hapa. Namba yetu inagawanyika kwa 9, basi mraba wake lazima ugawanyike pia. Tarakimu za jawabu sahihi zina jumla ya 63, inagawanyika. Za jawabu lililokatwa zina jumla ya 60, haigawanyiki.

Ongeza 1 tu kwenye namba yetu na kila kitu kinabadilika: 1,234,567,891 ni namba tasa. Huwezi kuipanga kwa korija, kwa darzeni, wala kwa mstatili wowote isipokuwa mstari mmoja mrefu. Kulithibitisha hilo kwa mkono kungehitaji kujaribu namba tasa zote hadi 35,136, na hizo ni maelfu. Hiyo ni kazi ya kuiachia mashine. Kwenye kompyuta yenye Linux andika amri factor, acha nafasi, kisha namba bila mkato wowote. Kwa 1234567891 itarudisha namba hiyohiyo peke yake. Kwa 1234567890 itarudisha 2 3 3 5 3607 3803. 3 imeandikwa mara mbili kwa sababu kipeo chake ni 2.